Tisa Nyekundu, Nane ya Buluu

Mwezi Desemba mpwa wangu, ambaye alikuwa amemaliza darasa la saba na kuja kwetu Tabata kusubiri kuanza kidato cha kwanza, aliniwekea simu kando ya sahani ya ugali na kuniambia, "Mjomba, wewe si unashinda na rangi kazini? Hebu pata hii."

Juu ya kioo palikuwa na duara la zambarau lililoandikwa 17. Chini yake yalipangwa matone matano: mawili mekundu yenye namba 4 na 9, mawili ya buluu yenye 8 na 6, na moja la manjano lenye 3. Ndani ya sekunde 15 nilipaswa kuchagua matone ambayo rangi zake zikichanganyika zingetoa zambarau, na namba zake zikijumlishwa zingetoa 17. Nikaona nane, nikaona sita, nikaona tatu, nikayagusa yote kwa haraka ya mtu anayetaka kurudi kwenye mboga yake. Jumla ilikuwa 17 kweli, ila duara liligeuka kijani na simu ikatoa mlio wa kunisuta. Jibu lilikuwa tisa nyekundu na nane ya buluu. Mimi huandaa kurasa kabla hazijaingia mashineni katika kiwanda cha uchapaji, na nimeifanya kazi hiyo kwa miaka 12, kwa hiyo kicheko cha kijana yule kilinikaa rohoni kuliko nilivyokubali pale mezani.

Nikaupakua mchezo huo usiku uleule. Baadaye nikapakua na mingine miwili ya jamii hiyo, kwa sababu ipo mingi na inafanana kama ndugu: hesabu za kichwa upande mmoja, uchanganyaji wa rangi upande wa pili, saa inayokimbia katikati, na mwanzoni kabisa maneno ya kukuhakikishia kwamba dakika kumi kwa siku zitaunoa ubongo wako. Nimeicheza kwa miezi mitatu ndani ya daladala na kwenye foleni za benki, na nina mambo mawili matatu ya kusema juu yake.

Niseme kwanza kuhusu ahadi ya kunoa ubongo, kwa kuwa hilo ndilo rahisi. Biashara hii ilipata nguvu mwaka 2005, pale kampuni ya Nintendo ilipotoa Japani mchezo uliotokana na kazi za Ryuta Kawashima, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Tohoku, ambao ulimtaka mchezaji afanye hesabu ndogondogo za haraka na kutaja rangi za maneno. Baada ya hapo soko likafurika. Mwaka 2010 jarida la sayansi la Nature lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza na Adrian Owen na wenzake, ambamo watu 11,430 walifanya mazoezi ya aina hii kwa wiki sita. Waliboreka katika mazoezi waliyoyafanya, lakini walipopimwa kwa majaribio mengine, hata yale yaliyokaribiana na mazoezi hayo, faida haikuonekana. Huko Marekani uchunguzi mwingine mkubwa uliwafundisha wazee 2,832 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, kundi moja mbinu za kukumbuka, jingine mbinu za kufikiri kwa mantiki, na jingine wepesi wa kung'amua vitu kwa macho. Kila kundi liliboreka katika lile lililofundishwa, lakini faida hiyo haikuvuka kwenda kwenye fani za makundi mengine. Kisha mwaka 2016 kampuni iliyomiliki Lumosity, programu ya mazoezi ya ubongo, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza shauri lililofunguliwa na mamlaka ya biashara ya Marekani, iliyodai kwamba matangazo yake yaliwaahidi watumiaji mambo ambayo ushahidi wake haukutosha.

Mimi sikushangazwa na habari hizo. Mji wetu umeitwa Bongo kwa sababu mtu asiyetumia ubongo hapa halali na shibe, na sijawahi kumwona aliyefanikiwa Bongo kwa kujumlisha matone. Wala mzee anayecheza bao barazani, mwenye kete 64 na mashimo 32 mbele yake, anayejua kabla ya kuinua mkono kete ya mwisho itaangukia wapi, hasemi kwamba ananoa chochote. Anacheza bao, na akiinuka pale anabaki kuwa mtu ajuaye bao. Heshima yake inatokana na hilo, na inamtosha.

Jambo lililonivutia zaidi ni ugumu wenyewe wa michezo hii, ambao mwanzoni sikuuelewa. Kujumlisha 9 na 8 hakunisumbui, na buluu na nyekundu kutoa zambarau nilikujua tangu chekechea. Kwa nini basi mambo mawili mepesi yakiwekwa pamoja yanamfanya mtu mzima achague kijani?

Sehemu ya jibu ni ya zamani. Mwaka 1935 Mmarekani John Ridley Stroop alionesha kwamba mtu akipewa neno la rangi lililoandikwa kwa wino wa rangi nyingine, na akatakiwa kutaja rangi ya wino, anachelewa na kujikwaa, kwa sababu kusoma kumekuwa mazoea yasiyosubiri ruhusa. Nililifanya jaribio hilo nyumbani kwa kalamu za mpwa wangu. Niliandika BULUU kwa kalamu nyekundu, NYEKUNDU kwa kalamu ya kijani, na KIJANI kwa kalamu ya buluu, karatasi nzima ya namna hiyo, nikamkabidhi yeye na mama yake. Dada yangu, ambaye ni karani na husoma makaratasi mchana kutwa, alikwama kwenye mstari wa pili na kuanza kucheka peke yake. Kijana alifika mwisho, lakini kwa mwendo wa mtu anayevuka barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni. Katika mchezo wa matone, namba inafanya kazi ya lile neno. Jicho linaisoma kabla hujalituma, na akilini jumla inakuwa imeshaanza kujengeka wakati rangi bado haijaulizwa chochote. Ndiyo maana mtego wa 8, 6 na 3 ulininasa: namba zilikuwa zimefika kumi na saba, na mkono ukadhani kazi imekwisha.

Sehemu nyingine ya jibu inahusu mahali tunapoyaweka mambo tunayoyashughulikia kwa muda mfupi. Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, walipendekeza mwaka 1974 kwamba kumbukumbu ya kazi ina vyumba tofauti, kimoja kinachorudiarudia sauti na kingine kinachoshika picha, na msimamizi anayevigawia majukumu. Namba tunazozihesabu kichwani kwa kawaida hukaa chumba cha sauti, kwani mtu hujisemea "nane na sita kumi na nne" hata kama midomo haitikisiki. Rangi ingeweza kukaa chumba cha picha bila kugombana na mtu. Tatizo langu, nililoligundua kama wiki ya tatu hivi, ni kwamba nilikuwa nikizitaja na rangi pia. Nilikuwa nikijisemea "buluu nane, nyekundu tisa, zambarau kumi na saba", vyote vikajazana chumba kimoja kama abiria wa mwendokasi.

Hapa Kiswahili chetu kinatuongezea mzigo kidogo. Inajulikana kwamba maneno marefu hushikika machache kuliko mafupi, kwa sababu sauti inayorudiwa kichwani ina muda wake, na mwaka 1980 watafiti walionesha kwamba namba za Kiwelshi, ambazo huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa kuliko za Kiingereza, huwafanya wasemaji wa lugha zote mbili wakumbuke tarakimu chache zaidi wanapotumia Kiwelshi. "Kumi na saba" ina silabi tano. "Rangi ya chungwa" nayo tano. Aidha, ukiacha nyeusi, nyeupe na nyekundu, rangi zetu nyingi zimeazimwa kutoka kwenye vitu: zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, na chungwa ni chungwa. Kwa hiyo ukizitaja unalipa kwa muda, lakini ukiviona vitu vyenyewe unapata punguzo. Nilipoacha kusema "zambarau" na badala yake nikawa naliona tunda, lile jeusi linalopaka ulimi rangi, na kuiachia sauti kazi ya kujumlisha peke yake, nilivuka hatua tisa kwa safari moja ya Tabata hadi Posta. Ukitaka mbinu ya kuushinda mchezo huu, ndiyo hiyo, na sidhani kama itakusaidia mahali pengine popote.

Lakini nina lalamiko, nalo ni la mtu wa kazi. Katika michezo yote mitatu niliyoijaribu, namba iliyoandikwa juu ya tone haina uhusiano wowote na rangi ya tone hilo. Buluu 8 na buluu 6, yaani 14, ikichanganywa na manjano 3, inatoa kijani kilekile ambacho ungepata kwa buluu 1 na manjano 9. Fundi yeyote wa kupaka nyumba anajua kwamba hilo haliwezekani. Ukimimina makopo 14 ya buluu na matatu ya manjano utapata kijani kizito kinachokaribia buluu ya bahari kuu, na ukimimina moja kwa tisa utapata kijani cha jani la mgomba linalofunguka. Mtengenezaji alikuwa na hesabu mkononi na rangi mkononi, vitu ambavyo kwa asili ni ndugu wa damu, akavibandika kwa gundi kama watu wasiofahamiana.

Kazini kwetu namba ndiyo rangi yenyewe. Tunachapa kwa wino wa aina nne, sayani (buluu ya kijanikijani), majenta (waridi kali), manjano na nyeusi, na kila rangi unayoiona kwenye kalenda ya ukutani imeandikwa kwa asilimia za wino hizo. Chungwa lililoiva ni sayani 0, majenta 50, manjano 100. Ukipandisha majenta hadi 80 unaelekea kwenye nyekundu ya nyanya, na ukiishusha hadi 20 unarudi kwenye manjano ya ndizi. Tena zipo hesabu za kichwa zisizokwepeka, kwa sababu karatasi hunywa wino kwa kipimo. Nyeusi nzito ambayo wengi wetu huitumia kwa maeneo makubwa ni sayani 60, majenta 40, manjano 40 na nyeusi 100. Zijumlishe, utapata 240. Karatasi ya kung'aa itabeba hiyo bila wasiwasi, kwani kwa kawaida huvumilia karibu 300, ila kwenye karatasi ya gazeti umeshafika ukingoni, na ukiongeza kidogo wino hautakauka, ukurasa utamchafua jirani yake, na fundi mashine atakuja ofisini kwako akiwa ameshika ushahidi kwa vidole viwili. Nimeshajumlisha namba nne nne namna hii mara nyingi kiasi kwamba sijui tena kama ninajumlisha au ninaona tu.

Na hata kwa uzoefu huo nimewahi kuharibu. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea kadi za harusi ambazo mteja alizibuni mwenyewe kwenye simu, zikiwa na buluu kali inayowaka. Nilizigeuza kwenda rangi za uchapaji bila kuangalia namba, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kompyuta iliibadilisha ile buluu kuwa sayani nyingi na majenta karibu sawa na hiyo sayani, na kadi mia tatu zikatoka zambarau. Mama wa bibi harusi alizitazama, akazigeuza, akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, sare zetu zote ni za buluu. Hizi ni za harusi ya nani?" Tangu siku hiyo nimeshika kanuni ambayo wachapaji wengi wanaijua: ukitaka buluu ibaki buluu, hakikisha majenta iko chini ya sayani kwa angalau 30. Hiyo ni hesabu ya kutoa ambayo mtoto wa darasa la pili anaiweza, na ilinigharimu kuchapa upya kwa mfuko wangu.

Kosa lile lilitokana na jambo ambalo michezo hii nayo hulikoroga. Kuna kuchanganya mwanga na kuna kuchanganya wino, na kanuni zake zinapingana. Kioo cha simu kinatoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, kila mmoja ukipewa namba kuanzia 0 hadi 255, na ukizidisha 256 kwa 256 kwa 256 unapata rangi 16,777,216. Huko nyekundu yote na kijani chote hutoa manjano, na zote tatu zikiwaka kikamilifu hutoa nyeupe. Kila unachoongeza kinaongeza mwanga. Wino hufanya kinyume, kwani kila tabaka linameza sehemu ya mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi, na ukizidi kuongeza unaelekea kwenye giza. Mwaka 1861 mwanafizikia James Clerk Maxwell alisimama mbele ya watu jijini London akaonesha picha ya utepe wenye rangi, iliyopigwa mara tatu kupitia vichujio vya rangi tatu, kisha mianga mitatu ikaelekezwa ukutani pamoja hadi utepe ukarudi na rangi zake. Upande wa wino, mchapaji Jacob Christoph Le Blon alikuwa ameshafika zaidi ya miaka mia moja kabla yake, akichapa picha za rangi kwa pleti (bamba za kuchapia) tatu, ya buluu, ya manjano na ya nyekundu.

Mchezo wa pili kati ya ile mitatu una hatua za mwanga zinazokuja ghafla baada ya hatua ya 30, bila maelezo yoyote. Mpwa wangu alifika hapo, akaona shabaha ya manjano na matone yaliyobaki ni mekundu na ya kijani tu, akatupa simu kitandani akidai mchezo umeharibika. Nilimpeleka bafuni, nikazima taa, nikachukua tochi mbili, moja nikaifunika kwa karatasi nyekundu ya peremende na nyingine kwa ya kijani, nikazielekeza kwenye kigae cheupe. Pale mianga ilipokutana palikuwa na umanjano mchafumchafu, lakini ulikuwa manjano. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba tochi azishike yeye.

Nina rafiki kazini ambaye michezo hii haimpi nafasi hata kidogo, kwa kuwa hatofautishi nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya hali hiyo humpata karibu mmoja kati ya 12. Alijaribu mchezo wangu, akasema kwake ni hesabu ya kubahatisha, akanirudishia. Herufi ndogo au michirizi juu ya tone ingetosha kumkaribisha, na sioni kwa nini watu wanaojinasibu kuujua ubongo wamelisahau jicho.

Hatimaye mimi na kijana tuliiacha simu na kutengeneza mchezo wetu. Nilikuja na chati ya rangi kutoka kazini, zile kurasa za miraba midogo ambayo kila mmoja umeandikwa chini yake asilimia za sayani, majenta na manjano zilizotumika. Mmoja anaziba namba kwa kidole na kuonesha mraba, mwenzake anataja namba tatu, kisha tunaangalia. Tofauti ya kila namba inahesabiwa kuwa kosa, makosa yanajumlishwa papo hapo kichwani, na baada ya miraba kumi mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Nikimwonesha chungwa la 0, 50, 100, naye akasema 0, 60, 90, amekosea 20. Kahawia ndizo zinazotutoa jasho. Juzi nilitaja 30, 60, 100 kwa mraba uliokuwa 40, 70, 100, nikapata kosa la 20, na yeye akapata 10, jambo ambalo halikukaa siri kwa majirani.

Jumamosi tulikuwa Buguruni sokoni kununua maembe. Alichukua dodo moja lililoiva, akaligeuza kwenye jua, akasema, "Sifuri, thelathini, tisini." Nikamwambia aangalie karibu na kikonyo, pana ukijani, hapo sayani haiwezi kuwa sifuri, mimi ningeweka 10. Akasema kikonyo hakiliwi. Muuzaji alituuliza kama tunapunguziwa bei au tunasoma bahati nasibu, na chati ilikuwa nyumbani, kwa hiyo tulilinunua lile embe na kuondoka tukiwa bado tunabishana.